Sushruta: Tabibu wa Kashi aliyeupa upasuaji heshima

MWEZI Oktoba mwaka 1794, wasomaji wa jarida la Gentleman's Magazine mjini London, Uingereza, walikutana na habari ambayo wengi wao hawakuwa wamepata kuisikia. Habari hiyo ilimhusu Cowasjee, mwendesha mikokoteni ya ng'ombe aliyekuwa akilitumikia jeshi la Waingereza nchini India, ambaye alitekwa vitani na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, akakatwa pua na mkono mmoja.

Kwa muda wa karibu mwaka mzima Cowasjee aliishi bila pua, hadi alipofikishwa kwa fundi mmoja katika eneo la Poona. Fundi huyo hakuwa daktari wa chuo, bali mtu wa tabaka la wafyatua matofali. Alitengeneza kielelezo cha pua kwa nta, akakitandaza juu ya paji la uso la mgonjwa na kuchora mpaka wake, kisha akaichuna ngozi ya hapo bila kuitenga kabisa na mwili, akaigeuza na kuishikiza mahali ilipokuwa pua.

Madaktari wawili wa Kiingereza walikuwapo wakitazama. Ngozi ilishika, jeraha likapona, na Cowasjee akawa na pua mpya.

Ulaya nayo iliwahi kuwa na njia yake ya kutengeneza pua, iliyojulikana huko Italia katika karne ya 16, lakini kufikia wakati huo ilikuwa imekwisha kuachwa. Kwa hiyo habari ya Poona ilipokewa kama jambo jipya. Kumbe halikuwa jipya hata kidogo. Katika vitabu vya kale vya tiba vya India, kazi ya kumrudishia mtu pua iliyokatwa ilikuwa imeelezwa hatua kwa hatua zaidi ya miaka 1,000 kabla, kwa jina la tabibu mmoja aitwaye Sushruta.

Jina hilo leo hutajwa katika vyuo vya tiba sehemu nyingi za dunia. Wako wanaomwita baba wa upasuaji, na sanamu yake imewekwa hata katika chuo cha wapasuaji mjini Melbourne, Australia. Lakini maisha yake, pamoja na yale yaliyoupata urithi wake baada ya kufa, yana mafunzo mazito kuliko sifa hizo.

Mwanafunzi wa mfalme

Mengi yanayosimuliwa juu ya Sushruta mwenyewe yanatoka katika kitabu chenye jina lake, Sushruta Samhita, yaani mkusanyo wa mafundisho ya Sushruta, kilichoandikwa kwa Kisanskriti. Mapokeo ya Kihindi humtaja kuwa mwana wa Vishvamitra, mmoja wa wenye hekima wa zama za kale, na makazi yake huwekwa Kashi, mji ulio kando ya mto Ganges ambao leo unafahamika zaidi kwa jina la Varanasi.

Kitabu chenyewe kinaanza kwa kisa cha wanafunzi waliokwenda kwa Divodasa, mfalme wa Kashi, ambaye alihesabiwa kuwa ni Dhanvantari, bwana wa tiba, katika umbo la mwanadamu. Wanafunzi hao walimweleza kuwa wanahuzunishwa na mateso ya wagonjwa, wakamwomba awafundishe elimu ya kuponya. Mfalme aliwauliza wanataka tawi lipi la elimu hiyo, nao wakachagua upasuaji, wakamteua Sushruta awe msemaji wao mbele ya mwalimu.

Tawi hilo liliitwa shalya, neno lenye maana ya kitu kilichozama mwilini kikaleta maumivu, kama mshale au mwiba. Jina hilo linaonyesha mahali lilipozaliwa. Katika zama za vita vya upinde na upanga, kazi ya kwanza ya mpasuaji ilikuwa kuchomoa silaha mwilini mwa askari bila kumuua.

Kuhusu wakati alioishi, wataalamu hawakubaliani. Wapo wanaomweka katika karne ya 6 kabla ya Kristo, na wapo wanaoona kuwa kiini cha kitabu kiliandikwa karne kadhaa baadaye. Wanachokubaliana wengi wao ni kwamba kitabu kilichopo leo si kazi ya mkono mmoja. Kiliongezwa na kupangwa upya kizazi baada ya kizazi, hadi kupata sura yake kamili kabla ya takriban mwaka 500 baada ya Kristo.

Kitabu cha sura 186

Sushruta Samhita ina sura 186. Sura 120 zimegawanywa katika sehemu tano zinazozungumzia misingi ya tiba, asili ya magonjwa, maumbile ya mwili, matibabu na sumu. Sehemu ya sita, yenye sura 66, ni nyongeza inayoshughulikia mambo kama magonjwa ya macho, masikio, pua na kichwa, pamoja na magonjwa ya watoto.

Ndani yake vimetajwa vifaa butu 101 na vifaa vyenye makali 20. Koleo nyingi zilipewa majina ya wanyama na ndege kwa jinsi midomo yao inavyofanana: simba, paka, kunguru, korongo na wengineo. Hata hivyo, mwalimu hakuviweka vifaa hivyo juu ya yote. Alifundisha kuwa chombo cha kwanza cha mpasuaji ni mkono wake mwenyewe, kwa kuwa bila mkono hakuna chombo kinachofanya kazi.

Kazi zote za upasuaji zilipangwa katika mafungu manane: kukata na kuondoa, kupasua, kukwangua, kutoboa, kuchunguza kidonda kwa kijiti, kuchomoa, kutoa uchafu na kushona. Mpangilio huo ulimwezesha mwanafunzi kujifunza jambo moja baada ya jingine, badala ya kuvamia kila ugonjwa kama kitu kigeni.

Kitabu kinaeleza namna ya kutoa mawe katika kibofu cha mkojo, kutibu bawasiri na nasuri, kuunga mifupa iliyovunjika na kurudisha viungo vilivyoteguka. Pale utumbo ulipotoboka, iliagizwa kingo za tundu ziumanishwe kwa vichwa vya chungu weusi wakubwa, ambao waliachwa waume nyama kisha miili yao ikakatwa, ndipo utumbo ukarudishwa tumboni.

Kwa mtoto wa jicho, tabibu alitumia chombo chenye ncha kali kuusukuma ukungu uliofunika mboni, kisha jicho likafungwa kwa pamba na samli. Mgonjwa alilazwa chali na kukatazwa kupiga chafya, kukohoa wala kutikisika. Njia hiyo haikuondoa lenzi iliyoharibika kama inavyofanywa hospitalini leo, na ilikuwa na hatari zake, lakini kwa aliyekuwa kipofu kuona hata mwanga na maumbo ilikuwa neema kubwa.

Sushruta Samhita pia imeueleza ugonjwa unaofanya mkojo kuwa mtamu kama asali, ikautenganisha ule anaozaliwa nao mtu na ule unaotokana na ulaji mbaya. Wagonjwa wa aina ya pili, ambao mara nyingi walikuwa wanene, waliagizwa kufanya mazoezi ya mwili. Kwa wakazi wa miji ya leo, ambako kisukari kimekuwa jirani wa kila mtaa, maneno hayo hayana ugeni.

Pua iliyorudisha heshima

Katika India ya kale kukatwa pua ilikuwa adhabu ya makosa kadhaa, likiwamo la uzinzi, na pia lilikuwa tendo la kumdhalilisha adui. Aliyekatwa pua alitembea na aibu yake usoni hadi kufa. Kwa sababu hiyo, kumtengenezea pua nyingine hakukuwa urembo tu, bali ni kumrudisha mtu katika jamii ya watu.

Ustadi huo inaelekea ulianzia kwenye masikio. Desturi ya kutoboa masikio ya watoto na kuyavuta kwa mapambo mazito ilisababisha ndewe nyingi kuchanika, na kitabu kinataja njia 15 za kuziunga. Kutoka hapo ikafuata pua.

Tabibu alichukua jani la mti lenye ukubwa wa pua iliyopotea na kulitumia kama kipimo. Akakata kipande cha ngozi ya shavu cha kadiri hiyo, akikiacha kimeshikamana na mwili upande mmoja ili kisife, akakwangua kovu la pua na kukiunganisha kipande hicho hapo. Vijirija viwili viliingizwa kushika nafasi ya matundu ya pua, jeraha likanyunyiziwa unga wa dawa, likafunikwa kwa pamba na kulowanishwa kwa mafuta ya ufuta.

Inafaa kuangalia tofauti moja. Kitabu kinazungumzia ngozi ya shavu, wakati fundi wa Poona alitumia ngozi ya paji la uso. Maana yake ni kwamba elimu hiyo haikulala kitabuni. Katika karne zilizopita katikati, mikono isiyojulikana iliendelea kuifanyia kazi na kuibadilisha.

Shule ya maboga na matango

Pengine sehemu inayomgusa zaidi msomaji wa leo ni ile inayohusu ufundishaji. Sushruta hakuruhusu mwanafunzi amguse mgonjwa kabla mkono wake haujazoea kazi.

Kupasua kulifunzwa juu ya maboga, matikiti na matango. Kukwangua kulifunzwa juu ya ngozi yenye manyoya. Kutoboa mishipa kulifunzwa kwa mishipa ya wanyama waliokufa na mabua ya yungiyungi, kuchomoa kwa meno ya wanyama waliokufa, kushona kwa kingo za nguo nene na ngozi laini. Hata kufunga bendeji kulikuwa na mahali pake: mwanafunzi alipewa sanamu ya mtu iliyotengenezwa kwa nguo, akafunga kiungo kimoja baada ya kingine.

Maumbile ya mwili wa binadamu yalijifunzwa kwa maiti. Mwili uliochaguliwa ulifungwa ndani ya majani na magome, ukawekwa katika kizimba ndani ya mto mahali pa faragha. Baada ya siku saba ulitolewa ukiwa umelainika, na mwanafunzi akausugua taratibu kwa brashi ya nyasi au mianzi, tabaka kwa tabaka, akitazama kila kilichojitokeza.

Katika jamii iliyohesabu maiti kuwa najisi, agizo hilo halikuwa dogo. Lilimtaka tabibu aweke macho yake mbele ya hofu yake. Sushruta alishikilia kuwa kusoma maandiko peke yake hakutoshi, na kwamba mkono hodari usio na elimu nao ni hatari. Aliyekuwa na kimoja kati ya hivyo viwili alimfananisha na ndege mwenye bawa moja.

Mwanafunzi aliyehitimu alitakiwa kukata kucha na nywele, kuvaa nguo nyeupe safi na kuomba ruhusa ya mfalme kabla ya kuanza kazi. Chumba cha aliyepasuliwa kilifukizwa kwa haradali, chumvi, samli na majani ya mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi na pande zake ambao leo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wanaujua kwa dawa zake arobaini.

Pale upasuaji ulipokuwa wa hatari, kama ule wa mawe ya kibofu, tabibu aliambiwa aufanye kama njia ya mwisho tu. Tena alipaswa kwanza kupata kibali cha wenye mamlaka, akieleza kuwa bila upasuaji mgonjwa atakufa hakika, na kwa upasuaji kupona kwake ni jambo la mashaka. Fomu za ridhaa zinazosainiwa hospitalini leo zinatimiza wajibu huohuo.

Makosa ya zama zake

Pamoja na hayo yote, Sushruta alikuwa mtu wa zama zake. Alihesabu mifupa 300 katika mwili, akiyajumlisha meno na vitu vingine visivyohesabiwa mifupa leo, ilhali mtu mzima ana 206. Aliuona moyo kuwa makao ya fahamu, wala hakuijua kazi ya ubongo kama inavyofahamika sasa.

Magonjwa aliyaeleza kwa nguvu tatu za mwili, vata, pitta na kapha, yaani upepo, nyongo na kohozi, huku akiipa damu nafasi ya pekee kando yake. Baadhi ya magonjwa ya watoto yalihusishwa na pepo. Katika kitabu kimoja, basi, zimo kurasa za mtu aliyetazama kwa macho yake na kurasa za imani aliyoirithi. Anayezisifu zote kwa pamoja anamkosea, na anayezitupa zote kwa pamoja anamkosea vilevile.

Safari ya kitabu

Mafundisho ya Sushruta yalivuka mipaka mapema. Mwishoni mwa karne ya 8, Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmaki, waziri wa Khalifa Harun al-Rashid, aliamuru kitabu hicho kitafsiriwe kwa Kiarabu mjini Baghdad, na kazi hiyo ilifanywa na tabibu wa Kihindi aitwaye Manka. Tabibu mashuhuri al-Razi alikitumia katika maandishi yake.

Mwaka 1890, ofisa wa Kiingereza Hamilton Bower alipata maandishi ya kale huko Kucha, Asia ya Kati, ambayo wataalamu wameyaweka kati ya karne ya 4 na ya 6. Ndani yake jina la Sushruta limetajwa, akimuuliza mfalme wa Kashi juu ya kitunguu saumu. Nakala nyingine ya kale ya Sushruta Samhita, iliyoandikwa mwaka 878, imehifadhiwa Kathmandu, Nepal, na mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia.

Lakini wakati kitabu kikisafiri, kisu kilikuwa kikidondoka nyumbani. Kadiri karne zilivyopita, matabibu wasomi wa India waliiacha kazi ya kukata. Kuushika mwili uliokufa kulionekana unajisi, na upasuaji ukabaki kwa koo za mafundi wasiojua Kisanskriti, waliorithishana ujuzi baba kwa mwana. Wenye kitabu walikosa mkono, na wenye mkono walikosa kitabu. Ndege wa Sushruta alikuwa amekatika katikati.

Ndiyo maana habari ya mwaka 1794 ilimtaja fundi wa tabaka la wafyatua matofali, tena jina lake halikuandikwa. Aliyelipwa sifa Ulaya alikuwa daktari Joseph Constantine Carpue wa London, aliyeisoma habari hiyo, akafanya mazoezi kwa maiti, akatengeneza pua ya mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1814 na kuchapisha taarifa yake mwaka 1816. Kutoka hapo njia hiyo ya Kihindi ilienea katika hospitali za Ulaya.

Mabawa mawili tena

Nchini India mwenyewe, mwamko ulikuja kupitia kwa mtu mmoja ambaye jina lake ni nadra kutajwa nje ya nchi hiyo. Madhusudan Gupta alikuwa msomi wa Kisanskriti na tiba ya Ayurveda mjini Calcutta. Katika miaka ya 1835 na 1836 alisimamia uchapaji wa kwanza wa Sushruta Samhita.

Mwaka 1836 huohuo, katika chuo kipya cha udaktari cha mji huo, Gupta alishika kisu na kupasua maiti mbele ya wanafunzi, jambo lililowashtua Wahindu wengi wa wakati ule. Yeye alikuwa ameshaisoma sura inayowaagiza matabibu kufanya hivyo. Tendo walilodhani ni la kigeni lilikuwa limeandikwa katika kitabu chao wenyewe.

Mjadala haujaisha. Mwaka 2014 India iliunda wizara kamili ya tiba za jadi, ikiwamo Ayurveda. Novemba 2020, baraza lililosimamia elimu ya tiba hizo liliorodhesha aina 58 za upasuaji ambazo wahitimu wa shahada ya juu ya upasuaji wa Ayurveda wangefunzwa na kuruhusiwa kuzifanya.

Chama cha Madaktari cha India kilipinga vikali, na Desemba 11, 2020 madaktari waligoma kutoa huduma zisizo za dharura, wakisema kuchanganya mifumo miwili kutahatarisha maisha ya wagonjwa. Waliounga mkono walijibu kuwa upasuaji ulikuwa sehemu ya Ayurveda tangu zama za Sushruta. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, lakini jina la mtu wa kale haliwezi kumaliza ubishi wa namna hiyo.

Kwa kipimo cha Sushruta mwenyewe, ukale wa elimu au heshima ya jina la mwalimu havikumpa mtu haki ya kumkata mwenzake. Kilichoulizwa ni kama amesoma, kama ameutazama mwili kwa macho yake, na kama mkono wake umefanya kazi mara nyingi juu ya boga kabla ya kugusa ngozi ya mtu. Kipimo hicho kinamfaa daktari wa hospitali kama kinavyomfaa mganga wa jadi, iwe Varanasi au mji mwingine wowote ambako mgonjwa humkabidhi mwenzake mwili wake.

Mahali alipozikwa au kuchomwa Sushruta hapajulikani, wala hakuna picha yake iliyochorwa enzi za uhai wake. Sanamu zinazomwonyesha zimetokana na fikra za wachongaji. Kilichobaki ni kitabu, pamoja na kazi inayoendelea kufanywa kila siku katika vyumba vya upasuaji duniani, ambako ngozi ya paji la uso ingali inatumika kumrudishia pua aliyeipoteza kwa ajali, moto au saratani.